Maji ya Dripu ni Dawa, na Dawa Ina Kipimo

Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, malaria haina msimu wa mapumziko, na mara kwa mara kipindupindu huzuka katika kambi za wavuvi. Dripu si kitu kigeni kwa jamaa za wagonjwa huko. Aghalabu mtu aonapo matone yakidondoka polepole, hudhani mgonjwa wake anapunjwa.

Kwa kipindupindu, haraka ni wokovu. Mgonjwa amepoteza maji mengi kwa kuharisha, na hapana budi arudishiwe upesi. Lakini si kila maradhi yako hivyo.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, madaktari wa Kenya, Uganda na Tanzania waliwachunguza watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vyema. Wengi wao walikuwa na malaria. Wenye kuharisha hawakuhusishwa. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, 10 au 11 walifariki katika saa 48. Miongoni mwa wasiomiminiwa, walifariki 7.

Mjini Lusaka, katika Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu, watu wazima wenye sumu ya vijidudu katika damu na shinikizo la chini walitibiwa kwa njia mbili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: waliopewa maji mengi mapema, pamoja na dawa za kupandisha shinikizo, walifariki 48 katika kila 100, waliotibiwa kwa desturi, 33.

Hata ugonjwa mkali wa kongosho umetoa funzo hilo. Wanyama wa maabara walionyesha kwamba mishipa midogo huvuja, maji yakahamia tumboni na mapafuni. Mwaka 2022, uchunguzi wa wagonjwa 249 ulisimamishwa kabla ya wakati: waliojazwa maji kupita kiasi walikuwa 20 katika kila 100 miongoni mwa waliopewa mengi, na 6 tu miongoni mwa waliopewa kwa kiasi.

Basi yafaa jamaa wasiguse kidude cha kuongeza kasi ya dripu. Mgonjwa akihema kwa shida au akivimba, aitwe muuguzi mara moja. Na anayeharisha aanze kunyweshwa maji ya chumvi na sukari ya pakiti angali nyumbani, huku akipelekwa zahanati.