Sura ya 7: Kizuri Kilichokosa Mnunuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuliona gari liitwalo Ferrari 275 GTB/4 NART Spider. Lilikuwa zuri, likatembezwa, na bado likadoda. Mpango ulikuwa yaundwe magari 25. Kati ya 1967 na 1968 yakatoka 10 tu. Leo likipandishwa moja mnadani, wanaomudu hata kunyoosha mkono ni mabilionea. Sura hii inaeleza jinsi gari lililokosa soko lilivyogeuka johari.

Mwenye wazo alikuwa Luigi Chinetti, Mwitaliano aliyehamia Marekani. Hakuwa mtu wa kupuuzwa: alishinda mbio za saa 24 za Le Mans mara 3, na ushindi wake wa 1949 ndio uliokuwa wa kwanza kwa Ferrari katika mbio hizo. Baadaye akawa wakala wa Ferrari huko Marekani, na mwaka 1958 akaanzisha timu yake ya mbio, North American Racing Team, ambayo herufi zake za mwanzo ndizo NART. Chinetti alikumbuka jinsi wateja walivyoipenda 250 GT California Spider, gari la wazi lililoundwa kuanzia 1957 mpaka 1963. Lilipokoma, pengo likabaki. Kweli, Ferrari ilikuwa na 275 GTS isiyo na paa, lakini hiyo ilikuwa na sura nyingine, ya upole, ya kwendea matembezi. Chinetti alitaka ukali wa GTB/4, ila dereva apigwe na upepo.

Na ukali huo ulikuwepo. Chini ya boneti kuna injini ya silinda 12, lita 3.3, inayolishwa na kabureta 6 za Weber, yenye nguvu za farasi 300. Giaboksi yake ya gia 5 haikushikana na injini kama tulivyozoea. Imefungwa nyuma pamoja na difu, ili uzito usilalie mbele peke yake. Dereva huliona jambo hili kwenye kona: gari halivuti pua kwenda nje.

Kuondoa paa si kazi ya msumeno tu. Katika magari mengi ya siku hizi bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukikata paa, gari linalegea na milango inagoma kufunga. GTB/4 iliundwa kwa mtindo wa zamani: chini fremu ya mabomba ya chuma inayobeba mzigo wote, juu bodi iliyovikwa kama nguo. Ndiyo maana karakana ya Sergio Scaglietti huko Modena iliweza kulivua paa, kuusuka upya mkia, na kuweka turubai linalokunjwa nyuma ya viti, bila gari kupoteza uimara wake. Mkiani wakabandika beji ndogo ya NART. Shika moyoni habari hii ya bodi kuwa nguo, tutairudia.

Gari la kwanza, lenye bodi ya aluminiamu, halikupelekwa dukani kwanza. Lilipelekwa Sebring, Florida, kwenye mbio za saa 12 za mwaka 1967, likiendeshwa na wanawake wawili: Denise McCluggage, aliyekuwa pia mwandishi wa habari, na Pinkie Rollo. Likamaliza la 17. Kisha likapakwa rangi nyingine na kuingia kwenye sinema ya The Thomas Crown Affair ya mwaka 1968, pamoja na Steve McQueen na Faye Dunaway. McQueen alipendezwa nalo mno hata akajinunulia lake.

Utangazwe vipi zaidi ya hapo? Lakini bei ilikuwa zaidi kidogo ya dola 14,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Mwaka 1968 Marekani ikaanza kutumia sheria mpya za usalama na moshi wa magari, na mwaka huohuo Ferrari ikaonyesha gari jipya lililochukua nafasi ya 275, lile linaloitwa Daytona. Hesabu ya Chinetti ikaishia 10.

Miaka ikapita, upepo ukageuka. Mwaka 2005 lile gari la Sebring liliuzwa kwa karibu dola milioni 4. Mwaka 2013, huko Monterey, California, likauzwa jingine lililokuwa mikononi mwa familia moja tangu likiwa jipya. Bei ilifika dola milioni 27.5, na familia ikazitoa fedha hizo kwa hisani. Hapo mnunuzi hakulipia injini tu. Alilipia uchache, na alilipia historia isiyo na doa, inayofuatika tangu siku ya kwanza.

Sasa turudi kwenye nguo. Kilichomrahisishia Scaglietti kiliwarahisishia na mafundi wengine: miaka ya baadaye 275 kadhaa za paa zilikatwa zikafanana na Spider. Nakala inaweza kulingana na asili mpaka kwenye mshono wa turubai, ikanguruma vilevile, na bado isifikie hata robo ya bei. Kinachotenganisha ni namba ya chesisi, ileile anayoinamia kuisoma mnunuzi wa gari la mtumba Dar es Salaam au Mombasa akiilinganisha na kadi. Magari yote 10 yanajulikana kwa namba zake. La 11 haliwezi kuzaliwa.

Viwanda vimelisoma somo hili. Ferrari ilipotoa LaFerrari Aperta, iliunda 210 tu, zikapata wenyewe kwa mwaliko. Moja ikapigwa mnada mwaka 2017 kwa euro milioni 8.3 ili kulisaidia shirika la Save the Children. Huo ni uadimu wa kupangwa: kiwanda huchagua namba, na kesho kinaweza kuzindua toleo jingine adimu. Uadimu wa NART Spider hakuupanga mtu. Msomaji anayetaka kuelewa bei za magari ya kale asihesabu yaliyoundwa peke yake. Bei ya haya 10 imepandishwa na yale 15 ambayo hayakupata mnunuzi.