Trekta Dogo na Magogo ya Mlimani

Huku Tarakea, karibu na msitu wa misindano wa Rongai, twawaona wengi wakitamani trekta dogo la kuvutia magogo. Kabla ya kuuliza nguvu zake, yatupasa tuulize uzito wake na breki zake, maana mteremkoni kuzuia ni kugumu kuliko kuvuta. Mita moja ya ujazo ya msindano mbichi yaweza kufika kilo 900, na tela lisilo na breki zake lenyewe hulisukuma trekta kama fahali amsukumavyo ndama.

Basi tuchague lenye magurudumu yaliyotanuka, na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, naye ajifunge mkanda. Mnyororo tuufunge chini, penye ndoano ya nyuma, wala tusiufunge juu ya ekseli: gogo likikwama, magurudumu ya mbele huinuka, na trekta humpindukia dereva kabla hajakanyaga klachi. Tushuke moja kwa moja, si kwa ubavu, kwa gia ndogo iliyotiwa tangu juu. Njia ikiwa tope, tungoje. Gogo laweza kulala msituni hata kesho. Mtu aliyelaliwa na trekta haamki.