Mgeni Asiyeaga: Seli Kongwe na Uzee Wetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani, Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walikuwa na jambo lililowatatiza. Seli za binadamu walizozilea kwenye chupa za maabara ziligawanyika vizuri kwa miezi, kisha zikagoma. Chakula zilikuwa nacho, joto lilizifaa, vijidudu havikuwemo.

Wanabiolojia wa wakati huo waliamini kwamba seli ikitunzwa vyema haina mwisho. Alexis Carrel, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alianza mwaka 1912 kulea seli za moyo wa kifaranga huko New York, na ikatangazwa kwamba zilidumu miaka 34. Kwa hiyo seli zikikufia chupani, lawama ni yako.

Hayflick na Moorhead wakapima. Walichanganya katika chupa moja seli za kiume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi na seli za kike zilizokuwa bado changa. Baadaye wakakagua kromosomu: za kiume zimetoweka, za kike zinaendelea na shughuli zao. Kama kosa lingekuwa la chakula au la virusi, zote zingeathirika, maana zilikula sahani moja. Basi saa imo ndani ya seli yenyewe. Hata ukizigandisha kisha ukaziyeyusha, huendelea kuhesabu pale zilipoishia, hadi kufikia migawanyiko 50 hivi.

Saa yenyewe ilikuja kufahamika baadaye. Kwenye ncha za kila kromosomu kuna kipande cha kinga kiitwacho telomia. Ichukulie kama penseli ya mwanafunzi: kila ikichongwa inapungua, na ikibaki kipisi haiandiki tena. Vivyo hivyo, telomia hupungua kila seli inapogawanyika. Uchunguzi wa telomia uliwapatia Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Si telomia peke yake. Mionzi, moshi wa sigara na hata baadhi ya dawa za saratani huharibu DNA. Uharibifu ukizidi, protini kama p53 na p16 huikanyagia seli breki. Seli hiyo haigawanyiki tena, wala haifi. Hii ndiyo seli kongwe. Kwenye hadubini utaitambua: imetanuka na kuwa bapa, mfano wa yai lililopasuliwa kikaangoni, huku majirani zake wakiwa wembamba na wamejipanga.

Breki hiyo ni kinga yetu, kwani seli yenye DNA iliyoharibika ikiachwa igawanyike itakavyo huweza kuwa saratani. Tena ukijikata kidole ukimenya muhogo, seli kongwe hujitokeza kwenye jeraha, hutoa kemikali zinazosaidia kidonda kufunga, kisha huondolewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tatizo la mgeni huyu ni kwamba jembe halishiki, na mlango hauoni. Umri unaposonga, kinga ya mwili hulegea na kushindwa kuziondoa seli hizi zote. Zile zinazobaki hukaa zikitema kemikali mchana na usiku. Judith Campisi na wenzake huko California walizieleza kemikali hizo kwa kina mwaka 2008. Nyingine huchochea uvimbe wa ndani kwa ndani, nyingine humeng'enya nyuzi zinazoshikilia tishu, na nyingine huzifanya seli jirani nazo zikongoroke. Ajabu ni kwamba seli iliyosimama ili kuzuia saratani, ikikawia, huweza kuistawisha saratani ya jirani. Seli kongwe zimeonekana kwenye magoti yaliyosagika, kwenye mishipa ya damu iliyojaa utando wa mafuta na kwenye mapafu yenye makovu.

Je, zikifukuzwa? Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliunda panya ambao seli zao kongwe zingeweza kuuawa kwa dawa maalumu. Mwaka 2011 walionyesha kwamba, kwa panya waliozaliwa na kasoro ya kuzeeka haraka, mtoto wa jicho alichelewa na misuli haikunyauka upesi. Mwaka 2016 wakarudia kwa panya wa kawaida: muda wao wa kuishi ukaongezeka kwa karibu robo.

Mwaka 2015 ikaja njia isiyohitaji kugusa vinasaba: dasatinibu, dawa ya saratani ya damu, ikichanganywa na kwasetini, kemikali iliyomo kwenye vitunguu na tofaa. Usikimbilie sokoni, kipimo cha maabara hakifikiwi kwa kachumbari.

Kwa binadamu safari ndiyo kwanza imeanza. Mwaka 2019 wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu walijaribiwa mchanganyiko huo, wakaweza kutembea vizuri zaidi, lakini hakukuwa na kundi la kuwalinganisha nalo. Mwaka 2020 dawa nyingine ya aina hiyo, iliyodungwa gotini, haikuwapunguzia wagonjwa maumivu kuliko sindano isiyo na dawa. Isitoshe, ukizifagia seli hizi zote bila kuchagua, unaweza kuwafukuza hata wale waliokuja kukufungia kidonda.

Kwa hiyo akija mtu na chupa ya vidonge vya kurudisha ujana, mwulize vilijaribiwa kwa nani. Mara nyingi atakuwa anakuuzia habari za panya kwa bei ya binadamu.