Gari halimalizwi na vumbi, lamalizwa na maji tunayoliosha nayo



Kila Ijumaa asubuhi, ukipita mitaa yetu, iwe ni Majengo, Kisauni, Likoni au Bamburi, utaona watu wanaosha magari. Ndoo iko chini, mpira wa maji unatiririka, sabuni ya unga imetoa povu, na kijana au mwenye gari mwenyewe anasugua kwa nguvu kwa kipande cha fulana kuukuu. Saa sita ikifika gari linang'ara na liko njiani kwenda msikitini. Ni jambo jema, na usafi ni katika dini yetu. Lakini leo nataka kusema neno ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu: wengi wetu tunayamaliza magari yetu kwa kuosha huko huko.

Nasema hivi kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe, na nikalipia.

Gari langu la kwanza lilikuwa saluni ndogo nyeupe iliyotoka Japani. Nililinunua kwa akiba ya miaka minne na pesa za chama. Nyumbani tuna kisima, maji hayaishi, basi nikawa naliosha kila wiki bila kukosa, na nikiliacha likauke juani. Baada ya miaka mitano, rangi chini ya mlango wa nyuma ikaanza kuvimba kama malengelenge. Nikabonyeza, kidole kikaingia ndani. Nikalipeleka kwa fundi wa bodi, mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe. Akainama, akagonga gonga kwa bisibisi, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, gari hii waiosha kwa maji gani?"

"Maji ya kisima, mzee. Kila wiki."

"Hayo maji wayanywa?"

"La, yana chumvi."

"Basi wewe huyanywi, na gari umeinywesha miaka mitano."

Kuchomelea na kupiga rangi upya kulinigharimu. Na siku ya kuliuza, mnunuzi aliinama kuangalia chini kabla hata hajafungua boneti. Bei ikashuka papo hapo. Pesa zile nilikuwa nimeshazihesabia karo ya watoto.

Chumvi inafanya nini

Chuma hupata kutu kikikutana na maji na hewa. Hilo hutokea popote, hata Nairobi. Lakini maji yakiwa na chumvi, kazi ile huenda mbio zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kutu ni jambo la kikemia linalotegemea mwendo huo mdogo wa umeme juu ya chuma.

Pia chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Akina mama wanalijua hili: msimu wa masika chumvi ya jikoni hulowa ndani ya mkebe wake ingawa hakuna aliyeitia maji. Chumvi iliyojificha chini ya gari lako hufanya vivyo hivyo. Gari laonekana kavu, kumbe kule ndani limelowa usiku kucha.

Sasa fikiria tunakoishi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Upepo wa Kusi ukivuma, mvuke na matone madogo ya bahari huingia mitaani na kutua juu ya kila kitu, ndiyo maana mabati na madirisha ya chuma hapa kwetu hayadumu. Ukivuka na gari kwa feri ya Likoni, au ukiegesha ufuoni, linapata sehemu yake. Halafu Ijumaa tunaliongezea tena kwa mpira wa kisima!

Kumbuka pia kwamba mengi ya magari yetu huingia bandarini yakiwa yametumika Japani, na huko sehemu za baridi hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa theluji. Unaponunua, lala chini uangalie, usivutiwe na mng'aro wa juu tu.

Rangi ni nyembamba kuliko unavyodhani

Juu ya chuma kuna praima, kisha rangi yenyewe, kisha tabaka la juu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayong'ara, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Kwa kawaida tabaka hili ni jembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Kila unaposugua gari lenye mchanga kwa kitambaa kikavu au kichafu, unaikwaruza. Ile mistari midogo ya duara unayoiona juani, kama utando wa buibui, haikuletwa na barabara. Imeletwa na mkono wa mwoshaji.

Sabuni ya unga na ile ya vyombo nazo zimetengenezwa kuondoa mafuta. Zikipita juu ya gari huondoa nta yote iliyopakwa, na rangi hubaki uchi mbele ya jua. Tafuta shampuu ya gari. Chupa moja hukaa muda mrefu, kwa sababu kifuniko kimoja au viwili vyatosha ndoo nzima.

Namna ya kuosha

Chagua wakati. Baada ya alfajiri au baada ya Alasiri, kivulini, boneti ikiwa baridi. Ukiosha juani, maji hukauka kabla hujayafuta na kuacha madoa meupe ambayo hung'ang'ania.

Tafuta maji matamu, ya mfereji au ya mvua. Mwenye mapaa ya bati na pipa, masika ni neema yake. Ikiwa huna budi kutumia kisima cha chumvi, kitumie kuondoa tope la kwanza tu, kisha malizia kwa maji matamu na ukaushe saa hiyo hiyo.

Anza na rimu, ziwe zimepoa. Zile vumbi nyeusi ni unga wa breki, na ndani yake mna chembe za chuma zilizotoka zikiwa moto. Zikikaa hujishika kwenye rimu na kuota kutu za nukta nukta. Tumia ndoo na kitambaa vya peke yake, visiguse bodi kabisa. Brashi laini iingie katikati ya nati na nyuma ya rimu. Jihadhari na wanaosafisha rimu kwa asidi ya choo: siku ile itang'ara, lakini asidi inakula tabaka la kinga, na miezi michache baadaye rimu itaanza kubanduka.

Kisha mwagia gari maji kuanzia juu kwenda chini, mchanga utoke kabla hujaligusa. Usisahau ndani ya madigadi na chini ya gari. Na hapa nawaomba sana: chungulia ukingo wa chini wa kila mlango. Utaona vitobo vidogo. Vimewekwa kiwandani ili maji yanayopenya kwenye kioo yapate njia ya kutoka. Vikizibwa na tope, maji hukaa ndani ya mlango na kutu huanzia ndani, na wewe unakuja kuiona ikiwa imeshatoboa. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Kijiti cha kiberiti na dakika mbili vingeniokolea pesa nyingi.

Sasa weka ndoo mbili. Moja ina maji ya shampuu, nyingine maji matupu. Chovya kitambaa laini kwenye shampuu, pitisha sehemu moja ya gari, kisha kisuuze kwenye maji matupu kabla ya kukirudisha kwenye shampuu. Mchanga utabaki kwenye ndoo ya pili badala ya kurudi juu ya rangi. Osha paa kwanza, kisha boneti na vioo, na sehemu za chini mwisho, maana ndizo chafu zaidi. Pitisha mkono kwa mstari ulionyooka, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando na uchukue kingine.

Suuza, kisha kausha kwa taulo safi au kitambaa cha mikrofaiba. Fungua milango na buti, ufute kingo zake.

Ukihesabu, ni ndoo tatu za lita 20, yaani lita 60. Mpira ulioachwa wazi unaweza kumwaga lita 10 au zaidi kwa dakika, na kwa nusu saa hiyo ni lita 300. Katika mji ambao jirani yako ananunua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, hilo halifai. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo cha viganja viwili vilivyojaa. Ikiwa ibada ina kipimo, gari litakosaje?

Nta na polishi si kitu kimoja

Watu wengi huvichanganya hivi viwili. Polishi hukwangua: ina chembe ndogo sana zinazopunguza klia kidogo ili mikwaruzo ipotee. Ndiyo maana gari likipigwa polishi kwa mashine kila mara, mwisho klia huisha na rangi hufifia kabisa. Nta, ambayo wengi tunaiita waksi, haikwangui. Yenyewe hufunika rangi kwa utando mwembamba, maji na chumvi vikateleza juu yake. Nta maarufu ya karnauba hutoka kwenye majani ya aina ya mnazi unaoota Brazili. Huko jua ni kali kama letu, na mti ule hujikinga kwa nta hiyo hiyo.

Paka nta gari likiwa safi, kavu na baridi. Chukua kidogo sana kwa sponji, fanya kipande kimoja kimoja, nusu ya boneti kwanza. Ikianza kuwa na ukungu, futa kwa kitambaa kikavu na safi. Kupaka nyingi hakuongezi kinga, kunaongeza kazi ya kufuta tu. Epuka plastiki nyeusi zisizo na rangi, maana nta huacha alama nyeupe juu yake. Na usiguse disiki za breki kwa nta wala mafuta yoyote. Hapo ni roho za watu.

Utajuaje muda wa kurudia? Mwagia maji. Yakikusanyika kuwa matone ya duara, nta bado ipo. Yakilala bapa, imekwisha. Kwa jua letu, kila miezi miwili au mitatu si mbaya.

Rimu nazo zipake nta hiyo hiyo, unga wa breki utatoka kwa urahisi safari ijayo. Lakini tairi usizipake dizeli wala mafuta machafu ya injini ili ziwe nyeusi. Mafuta hudhoofisha mpira.

Kunguru, mwembe na mkwaruzo mdogo

Kinyesi cha kunguru usikikwangue kikiwa kikavu. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika chache, kisha kiinue taratibu. Fanya siku hiyo hiyo, kwa sababu rangi hulainika kwa joto la mchana, na inapopoa hushika umbo la doa lile. Utomvu wa mwembe nao ni hivyo hivyo. Turubai la kufunika gari linafaa, lakini usilifunike likiwa na vumbi au limelowa: upepo utalisugua, na unyevu utafungiwa ndani.

Jiwe likikwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, usingoje. Tafuta namba ya rangi kwenye kibao kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Kwa magari ya Toyota imeandikwa mbele ya herufi C/TR. Kwa mfano 040 ni ile nyeupe tunayoiona kila mahali. Duka la rangi litakuchanganyia kiasi kidogo. Safisha, kausha, gusa kwa brashi ndogo. Nta haiponyi kutu iliyokwisha kuanza, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la mwisho ni kuhusu vijana wetu wanaoosha magari kando ya barabara. Sitaki mtu aseme nimewakatia riziki. Wengi wao wanafanya kazi ya halali katika jua kali, na maji wanatumia yale wanayoyapata. Wewe mwenye gari, beba vitambaa vyako viwili na kichupa chako cha shampuu, waulize maji yametoka wapi, na waonyeshe vile vitobo vya milango. Mmoja wao mtaani kwetu nilimwonyesha mwaka jana, na sasa yeye ndiye anayewakumbusha wateja wake.

Gari nililo nalo leo si jipya, na si la kifahari. Linapeleka watoto shule, linampeleka mama hospitali, na siku likibidi kuuzwa ndilo litakalotupa cha kuanzia. Ni amana. Juzi nilimpelekea yule mzee wa chini ya mwembe alikague. Akainama na bisibisi yake, akagonga gonga kila upande, akainuka akijifuta mikono. Akaniambia nirudi nyumbani, hapakuwa na kazi yake.

Tukutane wiki ijayo inshaallah.