Vikapu vya Pasaka Kutoka Ziwani

Desturi ya kumpa mtoto kikapu cha mayai na peremende siku ya Pasaka, ambayo wahamiaji wa Kijerumani waliipeleka Marekani, si ya asili katika mwambao wa Ziwa Victoria, lakini familia inayoipenda haihitaji kikapu cha plastiki. Kuanzia Kisumu hadi Port Victoria, malighafi humea majini: mafunjo, yaani mimea mirefu ya vinamasi, na gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini ulioenea ziwani katika miaka ya 1990 na kuziba njia za mashua.

Bua la gugumaji, ambalo kwa sehemu kubwa ni maji matupu, hukatwa, huanikwa juani mpaka liwe la kahawia, hubanwa liwe bapa, kisha husukwa. Lisipokauka sawasawa huota kuvu, na hapo ndipo kazi ya haraka hujulikana. Kikapu kizuri hubeba vitabu na matunda baada ya sikukuu. Leso iliyofungwa fundo hutosha pia, hasa kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Ndani ya kikapu au leso, njugu zinafaa kuliko chokoleti, ambayo joto la Kisumu haliihurumii.