Vyungu Vyenye Kichwa vya Wamangbetu

Mfanyabiashara wa Butembo, nchini Kongo, anayepeleka mzigo Isiro hupita Beni, Komanda, Mambasa na Niania, kisha hukata kuelekea kaskazini. Anakofikia ndiko nchi ya Wamangbetu, na ndiko vilikotoka vyungu ambavyo makumbusho ya Ulaya na Marekani huviweka nyuma ya vioo.

Kitazame kimoja kwa karibu. Tumbo ni la duara, la kawaida kabisa. Juu yake shingo ya chungu inageuka shingo ya mtu, kisha uso wa mwanamke: macho membamba, michoro mashavuni, masikio yaliyotobolewa. Paji la uso limelala nyuma, kichwa kimerefuka, na nywele zimetanuka mfano wa faneli. Mfinyanzi hakuota umbo hilo. Wakubwa wa Kimangbetu waliwafunga watoto wachanga kamba kichwani ili kirefuke, na wanawake wakasuka nywele za kulikuza umbo hilo zaidi.

Vyungu vya nyumbani, vya maji na vya kupikia, Wamangbetu waliwaachia wanawake. Kwa majirani zao Wazande, wafinyanzi walikuwa wanaume, na vyungu vyenye kichwa vilikuwa zaidi kazi ya wanaume. Inawezekana pia kwamba vingine vilipita mikono miwili: mwanamke akafinyanga mwili, mchongaji akapachika kichwa.

Sasa jambo linalowakera baadhi ya wapenzi wa sanaa. Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu, mwaka 1870, lakini vyungu hivi vilishamiri baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo wakikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya New York, na chifu wa Kimangbetu Okondo akawapokea vizuri. Watafiti Enid Schildkrout na Curtis Keim wameonyesha kwamba wageni wa namna hiyo, pamoja na maofisa wa Kibelgiji, walipenda mno sanamu za watu. Machifu wakawapa zawadi ambazo wageni hao walizipenda, nao mafundi wakazidi kutengeneza.

Je, basi ni bidhaa za watalii? Mimi sikubali. Fundi aliyepata mteja mpya akabuni kitu ambacho mteja hakukijua hajaacha kuwa fundi.

Wala Wamangbetu hawako peke yao. Wamoche wa pwani ya kaskazini ya Peru, takriban mwaka 100 hadi 800, nao walifinyanga vyombo vyenye nyuso bila gurudumu. Wao walitumia kalibu, wakapaka rangi ya maziwa na nyekundu, wakaweka mpini wenye tundu mgongoni. Nyuso zao ni za watu halisi: kuna mwanamume mwenye kovu mdomoni anayeonekana katika vyombo vingi, kijana kwanza, mtu mzima baadaye. Chungu cha Kimangbetu hakitaji jina la mtu. Kinaonyesha mtindo, na mtindo husafiri haraka kuliko mtu. Msafara wa magari ya Citroën ulipopita Uele, huko huko kwa Wamangbetu, mwaka 1925, ulimpiga picha Nobosodru, mke wa chifu Ekibondo. Muda si mrefu kichwa chake, kwa ubavu, kilikuwa kwenye mabango ya sinema mjini Paris.