Alama Pekee Hazitoshi

Kila mwaka matokeo ya mitihani yatangazwapo, huko Ngamiani na Chumbageni, Pangani na Mkinga, hata katika makambi ya mkonge ya Muheza na Korogwe, wazee huuliza swali moja: "Kijana amepata ngapi?" Ni wachache waulizao swali la pili, lenye uzito uo huo: "Kijana alichagua nini?"

Zamani swali hilo la pili halikuwapo. Wadachi walipofungua shule ya serikali hapa Tanga mwaka 1892, walitaka makarani, wakalimani na maakida. Aliyesomeshwa alisomeshwa kwa haja ya mtawala. Wakati wa Waingereza mitihani ya darasa la nne na la nane ilikuwa malango membamba, na shule zenyewe ziligawanywa kwa rangi za watu. Ubaguzi huo ulifutwa mwaka 1962. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964, zikarudi katika miaka ya 1980, zikafutwa tena hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi cha sita mwaka 2022. Nazo shule za kata, zilizoenea tangu mpango wa mwaka 2004, zimelipanua lango la kidato cha kwanza.

Katika lango hilo la kwanza, hakimu ni alama. Mtihani wa darasa la saba una masomo 6, kila moja alama 50, jumla 300. Afikishaye 121 amefaulu, na walio wengi hupangiwa shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Wenye alama za juu kabisa huitwa katika shule za bweni za vipaji maalumu, kama vile Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Na wengine hupelekwa shule za ufundi, mojawapo ikiwa hapa hapa Tanga.

Lango la pili ni kidato cha tano, na hapo ndipo chaguo huketi pamoja na alama. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya tahasusi na vyuo avitakavyo kabla hajaufanya mtihani. Ili aende kidato cha tano, yampasa apate daraja la A, B au C katika masomo yasiyopungua 3, na pointi zake zisizidi 25. Kisha hutazamwa alichochagua, na nafasi zilizopo.

Basi fikirini kijana wa Pangani aliyejaza Fizikia, Kemia na Hisabati kwa kuwafuata rafiki zake. Matokeo yanatoka: Historia A, Kiswahili A, Jiografia B, lakini Fizikia D. Kijana huyu si mjinga. Ila alama zake na fomu yake hazisemi neno moja. Dawa ipo. Baada ya matokeo, Serikali imekuwa ikitoa muda wa kubadili machaguo kwa njia ya intaneti. Lakini muda huo una mwisho, na asiye na habari hupitwa.

Ndugu wafanyakazi, hasara hii haiwapati wote sawasawa. Mwana wa mwenye mali akikosa nafasi atatafutiwa shule ya kulipia. Mwana wa mkata mkonge, wa mvuvi na wa mpakia mizigo bandarini hana mlango mwingine. Karatasi ya mtihani ni moja kwa wote, lakini ushauri haujawa mmoja kwa wote. Na usawa usiofika kwenye fomu ni usawa nusu.

Kwa hiyo mzazi na aketi na mwanawe kabla fomu haijajazwa, wayapime masomo anayoyaweza, si yale yenye sifa mitaani. Mwalimu naye aulizwe, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na matawi yetu, yanayojua kutangaza mikutano, yatangaze pia tarehe ya mwisho ya kubadili machaguo, hata kambi ya mwisho ya mkonge isikie.